Mzee wa Vita vya Majini

Pikipiki ilikuwa imekwisha kuiacha lami ya barabara ya Namanga na kuanza kurukaruka juu ya mawe, ndipo dereva alipomuuliza abiria wake anakwenda wapi hasa. Nasike alikuwa amemwambia "Kitengela, ndani ndani," kana kwamba Kitengela ni kabati. Hakuwa amewahi kufika mji huo. Kazi yake ilikuwa ni kufika mahali kwa mara ya kwanza: aliandika makala za safari, alijua kuomba chakula kwa lugha saba na kugombana kwa lugha nne, na tangu amalize shule hakuwa amezoea kitanda chochote.

"Natafuta mzee mmoja anaitwa Sydney Ouma," alipaza sauti juu ya mngurumo. "Yule wa vitabu vya vita vya majini."

Pikipiki ilisimama. Haikupunguza mwendo kwanza. Ilisimama tu, kama punda aliyeona nyoka.

"Ya majini?" dereva aliuliza bila kugeuka. Jina lake lilikuwa Musila.

"Ya majini."

"Madam, hebu soma hapa kwa mgongo yangu."

Nasike alisoma maandishi ya koti lake la kung'aa: YESU NDIYE DEREVA.

"Sasa," Musila alisema, "kama dereva ni Yeye, mimi nitamwambiaje twende huko?"

Walipatana kwamba Yesu na Musila wangemfikisha hadi kona ya duka la gesi, amalizie mwenyewe kwa miguu. Nasike hakukasirika. Hofu ile ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Jana yake, katika hoteli moja ya Kajiado, mwenye hoteli alikuwa amemnong'oneza juu ya supu ya mbuzi kwamba Kitengela kuna mzee anayekusanya vitabu vikuukuu vya vita vya majini, tena anavinunua popote vilipo. Nasike alikuwa ameyaandika majini ya Lamu na ya Unguja hadi yakamchosha. Lakini majini ya nchi kavu, yenye vita vilivyoandikwa vitabuni, nani alimpiga nani, nani akaomba amani! Hakulala vizuri.

Ploti yenyewe aliitambua kwa pua. Harufu ya karafuu na kafuri ilimpokea langoni, harufu ile ile inayofukizwa Pwani majini yanapoitwa. Moyo wake ulidunda kwa furaha. Nyumba za kupanga zilijipanga kwa mstari chini ya matangi meusi, na katikati ya ua lilikaa pipa lililokatwa nusu, limejaa mabunzi makavu ya mahindi, na kando yake dumu la mafuta ya taa.

Mlango wa mwisho ulifunguliwa na mzee mrefu mwenye sweta la vifungo na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karibu, karibu. Pitia omo, tezi kumejaa."

Nasike aliyajua maneno hayo kwa mabaharia: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma yake. Hakutarajia kuyasikia kwenye nyumba ya kupanga yenye jikoni iliyojaa makatoni. Aliingia. Kuta tatu zilikuwa vitabu kutoka sakafuni hadi kwenye bati, na kila kitabu kilivaa koti la kitambaa: maua ya njano, mistari ya kijani, vipepeo, kama watoto wa shule ya chekechea siku ya sherehe.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini ya heshima, "majini wenyewe wanaonekana?"

"Wengine wana picha," Ouma alisema, akavua koti la kitabu kimoja kinene, akapuliza vumbi, akakifungua mezani kwa vidole viwili kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Ilikuwa meli. Meli ya milingoti mitatu, mizinga imechungulia ubavuni, moshi umetanda. Nasike aligeuza ukurasa. Meli. Akageuza tena. Meli mbili.

"Hii ni manowari," Ouma alisema kwa upendo. "Na hii nyingine, bado dakika kidogo izame."

"Majini," Nasike alisema polepole, "ni… kwenye maji?"

Mzee Ouma alikaa chini. "Yawa," alisema. "Hata wewe?"

Hapo ndipo Nasike alipoelewa kwamba safari yake imekwisha, na kwamba taabu ya mzee huyu ndiyo kwanza inaanza.

Sydney Ouma alikuwa Mjaluo wa nchi kavu. Alizaliwa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na hakuwahi kujifunza kuogelea. Hata kula samaki kulimpa shida, na marafiki zake walimtania kwamba ukoo wake ulipofika ziwani uligeuka kuangalia kama umesahau kitu. Alikuwa karani wa bima jijini Nairobi, idara ya shehena za baharini, na kwa maisha yake yote ya kazi alikata bima za meli ambazo hakuwahi kuziona. Siku moja ofisi ilitupa vitabu vyake vya zamani, akaokota kimoja kwa sababu ya jalada lake la ngozi. Basi la jioni lilipofika Kitengela, yeye bado alikuwa katikati ya mapigano, akapitiliza hadi Isinya.

Tangu hapo alinunua kila alichokiona. Alivipata kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mjini, kwa wazee wa Karen waliokuwa wakihama, na katika minada ambako yeye peke yake aliinua mkono. Vita vya makasia, vita vya matanga, vita vya moshi na chuma. Ile manowari ya Kijerumani iliyojificha Rufiji aliijua kama jirani aliyehama. Lakini bahari yenyewe hakutaka kuiona. Ofisi iliwahi kuwapeleka wafanyakazi Mombasa matembezi. Alishuka Mtito Andei, nusu ya njia, akadai anasikia harufu ya maji. "Kitabuni," alikuwa akimwambia mkewe, "hakuna anayelowa."

Mkewe alimcheka, kisha akamshonea. Makoti yale karibu yote yalikuwa kazi yake, kutoka kwenye mabaki ya mapazia aliyoshonea watu. Kafuri na karafuu lilikuwa wazo lake pia, kufukuza wadudu. Alikufa akiwa ameshona ukuta wa tatu hadi nusu, na nusu iliyobaki Ouma aliishona mwenyewe, vibaya, makoti yakining'inia kama suruali ya baba kwa mtoto.

"Sasa mambo yaliharibika vipi?" Nasike aliuliza.

"Ni Kiswahili sanifu," Ouma alisema. "Kama ningeandika Sheng, ningekuwa salama."

Alikuwa ameandika tangazo katika kundi la WhatsApp la wapangaji: *Nanunua vitabu vya kale vya vita vya majini. Hali yoyote. Siri yako italindwa.* Hayo maneno ya mwisho aliyaweka kwa ajili ya watu wanaoona haya kuuza vitabu vya baba zao. Kundi zima lilinyamaza siku mbili, na kundi lile halikuwahi kunyamaza kulalamikia maji, hata yalipokuwepo. Halafu mtoto wa jirani akapelekwa kwa shangazi yake Rongai. Halafu mwenye ploti, Mugure, ambaye wote walimwita Mama Nduta, akaja na neno lake: leo asubuhi, kabla hajapanda basi la kanisa kwenda mkutano wa injili Mombasa, vitabu viingie kwenye pipa.

"Na ukikataa?"

"Ataviingiza yeye. Niondoke nitaondoka, nina binti yangu Achola kule Kimuka. Lakini anataka viungue kwanza." Ouma alinyoosha kola ya koti lenye vipepeo. "Hizi nguo, mama, sitapata fundi mwingine."

Honi ililia nje. Basi la kukodi lilikuwa limesimama langoni, limejaa akina mama wenye vitambaa vya samawati vichwani, na Mugure alikuwa tayari anavuka ua kwa mwendo wa mtu mwenye mahali pa kwenda. Nyuma yake alikuja Kiama, mzee wa kanisa, ameshika Biblia mkono mmoja na kiberiti mkono wa pili.

"Baba Achola," Mugure alisema mlangoni, bila kuingia. "Mimi na wewe tumekaa vizuri. Kodi hujawahi kunisumbua. Lakini siwezi kwenda Mombasa na nimeacha majini huku nyuma. Majini ya Mombasa si itanicheka?"

"Mama Nduta, nimekueleza. Hayo si majini. Ni vita vya majini. Ndani ya maji."

"Kwani majini hukaa wapi? Si ni ndani ya maji! Hata mtoto anajua hiyo."

"Ni manowari zinapigana!"

Mugure alimgeukia Kiama. "Umesikia? Ana mpaka majina yao."

"Andika hiyo," Kiama alisema, ingawa hakuna aliyekuwa na kalamu.

Nasike aliona ni wakati wa kusaidia. "Mama, ni meli. Mimi nilikosea kama nyinyi. Angalia tu." Akakichukua kitabu kilichokuwa karibu, akakifungua kwa ujasiri ukurasa wa kwanza, mbele ya macho ya mzee wa kanisa.

Hakikuwa kitabu cha kufungua ukurasa wa kwanza. Mchoraji wa zamani alikuwa amekipamba kwa mzee wa ndevu ndefu, kifua wazi, mkia wa samaki, na mkononi uma mkubwa wa meno matatu.

Kiama alivua kofia. "Huyu ni nani?"

Ouma, ambaye hakujua kusema uongo wala kunyamaza, alisema, "Ni mungu wa bahari wa watu wa kale. Ni pambo tu."

"Mungu!"

"Na uma mkononi!" Mugure alipiga makofi. "Ngai! Kumbe ndio sababu unaitwa Ouma!"

"Mama Nduta, jina ni la babu yangu!"

"Na babu yako alilitoa wapi?"

Ouma alishika kichwa. Akiwa mashakani alikuwa na kawaida ya kujituliza kwa methali za mabaharia, na sasa moja ilimtoka bila kumuuliza: "Tezi na omo, marejeo ni ngamani."

"Sasa anaongea nao," Kiama alinong'ona.

"Tezi ni ugonjwa ya wazee," Mugure alisema, akihesabu kwa vidole, "Omo ni ya kufua nguo. Huyo Ngamani ndiye simjui."

Nasike aliingilia tena, safari hii kwa uangalifu. Alieleza kwamba ngama ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, yanakokusanyika maji; kwamba methali yasema uende mbele uende nyuma, mwisho utarudi hapo hapo. Alimkumbusha Kiama jahazi la Yona, na merikebu iliyovunjika na mtume Paulo ndani yake. Kiama alikunja uso, akafungua Biblia, akaikuta merikebu, akasoma midomo ikicheza. Mugure alichungulia kitabu cha Ouma tena, kwa jicho moja, ukurasa wa mbele zaidi.

"Hii ni meli," alikubali.

"Ni meli," Kiama alisema, akiiangalia Biblia yake kama vile imemwendea kinyume.

"Na hizi nguo alishona Mama Achola," Mugure alisema, sauti ikishuka. "Hii ya vipepeo ilikuwa pazia yangu."

Kiberiti kilirudi nusu mfukoni mwa Kiama. Ouma alianza kupumua. Na hapo hapo, langoni, sauti ya furaha ikaita:

"Hodi! Mzee wa majini yuko?"

Alikuwa kijana mnene aliyevaa suti, na kwapani alikuwa amebeba chupa ya kijani iliyofungwa kwa kitambaa chekundu. Musila wa pikipiki alikuwa nyuma yake. Udadisi ulikuwa umeishinda hofu yake.

"Mimi ni Wathome, wa Tuala. Yule wa simu. Nimekuletea ile moja."

"Ile moja gani?" Mugure aliuliza.

"Si mzee aliniuliza kwa simu, 'Ni ya zamani?' Nikamwambia zamani sana. Akaniuliza, 'Imefungwa vizuri?'"

"Nilimaanisha jalada!" Ouma alilia. "Kitabu hufungwa!"

"Nikamwambia imefungwa kabisa, haiwezi kutoka. Akauliza kama ina picha. Nikamwambia hiyo utaiona tu usiku. Akafurahi sana, akasema nilete." Wathome aliinyanyua chupa kwenye jua. "Ya Mombasa, original. Ni ya kiume."

Kundi la wanakwaya kwenye basi lilianza wimbo wa kukemea pepo. Mugure aliangalia chupa, akamwangalia Ouma, na uso wake uliokuwa umelainika ukajifunga kama duka.

"Mzee Kiama," alisema. "Washa."

Kiama alimimina mafuta ya taa juu ya mabunzi. Alichomoa njiti. Nasike, aliyewahi kupita katika mapinduzi mawili bila kupoteza begi lake, alijikuta amekumbatia vitabu vingi kadiri mikono yake ilivyoweza, akijua kwamba haitoshi.

Ouma alivuka ua. Mtu huyu aliyeshuka Mtito Andei kwa harufu ya maji alimpokonya Wathome chupa, akarudi kusimama kati ya pipa na mlango wake, miwani imekwenda upande.

"Kama kuna jini humu ndani," alisema, "linianze mimi."

Akaking'oa kizibo kwa meno.

Ua ulibaki mtupu kabla kizibo hakijagusa ardhi. Kiama alijifungia bafuni. Wathome mwenyewe, mwenye mali, aliruka ua wa michongoma na suti yake. Musila alikumbuka kwamba dereva ni Yesu, akaiacha pikipiki hapo hapo akakimbia kwa miguu. Basi lilifunga madirisha yote kwa pamoja. Ni Mugure tu aliyebaki, kwa sababu ploti ilikuwa yake, na Nasike, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa.

Ouma alikunywa. Koromeo lake lilipanda na kushuka. Walingoja.

"Chumvi," alisema.

"Ni maji ya bahari!" Wathome alipiga kelele kutoka upande wa pili wa michongoma. "Nilikwambia ni original!"

Mugure alimnyang'anya Ouma chupa, akaitazama rangi yake, akanusa, akagusisha ncha ya ulimi. Kisha akajishika kiuno.

"Hii ni maji ya borehole yangu."

Hakuna aliyebisha, maji ya kisima cha Mugure yalijulikana kwa chumvi yake. Chai yake haikuhitaji kuonjwa mara mbili.

"Wewe wa Tuala! Umejaza wapi hii chupa?"

"Kwa mfereji, hapo gate," ilisema michongoma baada ya muda. "Ile ya kwanza ilimwagika njiani."

"Na jini ikaenda wapi?"

"Kwa kweli, mama, mimi nilikuwa nimebeba tu."

Mugure alicheka. Alijaribu kujizuia, akafunika mdomo kwa leso, lakini kicheko kilitoka puani, na basi lilipoona anacheka lilifungua madirisha. Kiama alitoka bafuni akijipangusa mikono kana kwamba kunawa ndiko kulikompeleka.

"Sawa," Mugure alisema alipopata pumzi. "Ya chupa nimeona na macho yangu. Lakini mimi ni mtu wa kuona, Baba Achola. Hizo manowari sijaona. Mama Syokau amekuwa mgonjwa, kiti yake kwa basi iko wazi. Utaenda na sisi Mombasa unionyeshe. Nikiona meli ya vita, maneno imeisha. Nisipoona, mabunzi iko."

Rangi ilimtoka Ouma usoni. Jini lilikuwa halijamtisha hivi. Aliangalia basi, akaangalia pipa, akaangalia mlangoni, ambako Nasike alikuwa bado amesimama na kifua kizima cha maua ya njano na vipepeo. Pipa lilinuka mafuta ya taa. Bahari, huko iliko, ilikuwa ikingoja kama ilivyomngoja siku zote.

"Nitakaa katikati ya basi," alisema mwishowe. "Na nitabeba karai la kutapikia."

"Beba mbili," alisema Mugure.

Palikuwa na jambo moja tu lililobaki. Vitabu haviwezi kuachwa peke yao, Kiama alisema. Bado hukumu haijatoka. Na wote wa ploti waliokuwa na imani ya kutosha walikuwa ndani ya basi. Macho ya Kiama, ya Mugure na ya Ouma yalizunguka ua na kutua mahali pamoja.

"Mimi ni mpita njia," Nasike alisema haraka. "Kesho niko Namanga."

"Umepita njia ya kutosha, auntie," Mugure alisema. "Keti kidogo."

Ouma alimkabidhi funguo na maagizo: karafuu zibadilishwe, dirisha la tezi lisifunguliwe mchana, na ukuta wa tatu usiegemewe. Kisha akachagua kitabu kimoja cha njiani, akakivalisha koti vizuri, akapanda basi na makarai yake mawili kama askari anayekwenda vitani na sufuria. Wanakwaya walimpisha kwa heshima ambayo hakuwahi kupewa katika miaka yote ya kodi kulipwa kwa wakati.

Basi lilipokuwa likigeuka, Nasike aliwaona dirishani. Ouma alikuwa amefumba macho tayari, na bado walikuwa Kitengela. Mugure alikuwa amekichukua kitabu na kukiweka mapajani mwake, miwani ya kusomea puani, na kidole chake kilikuwa kikimgonga mzee begani: sauti yake ilifika hadi langoni. "Na hii kubwa, Baba Achola? Hii yenye bendera tatu? Iliizamisha ile ingine, ama ilizamishwa? Wee, usilale!"

Kisha alitoa kichwa nje, akakumbuka jambo. Kiberiti kiliruka dirishani, kikaanguka vumbini karibu na miguu ya Nasike.

"Hiyo mabunzi usiache inyeshewe!" Mugure alipaza sauti. "Chemsha nayo maji ya kuoga!"

Basi lilishika barabara ya Namanga, likapotea. Nasike alisubiri hadi vumbi lilipotulia, kisha akachota maji kwenye mfereji wa langoni, akayaonja kwa udadisi wa kazi yake, akayatema. Aliwasha pipa. Mwali ulipanda kwa kishindo, harufu ya kafuri ikamfuata kutoka mlangoni, na kupitia moshi akamwona Musila aliyekuwa amerudi kuichukua pikipiki yake, ananyata, ananyata.

"Musila! Utaniletea chapati mbili kutoka hapo kona?"

Musila alimtazama: mwanamke peke yake, moto mkubwa, karafuu, ukuta wa vitabu nyuma yake.

"Nitaacha kwa gate," alisema. "Lakini usitoke mpaka niende, mama majini."